Kupunguza Patisheni ya Diski Bila Kupoteza Data: Mwongozo Kamili wa Windows na Linux, Pamoja na Kushughulikia Makosa Yanayojitokeza

Kompyuta mpakato nyingi, hasa zile zilizokwisha kutumika ambazo fundi amezisafisha na kuziwekea Windows upya kabla ya kuuzwa, humfikia mnunuzi diski yote ikiwa patisheni moja tu, yaani C. Mfumo endeshi, picha za harusi, kazi za ofisi na masomo ya watoto vyote hukaa mahali pamoja, na siku Windows inapoharibika na kuhitaji kuwekwa upya, vyote huingia hatarini kwa mara moja. Wengine hawana shida hiyo, bali wanataka kuweka Linux pembeni ya Windows na hawana pa kuiweka. Kwa wote hao kazi ni ileile: kuipunguza patisheni iliyopo bila kupoteza kilichomo, ili nafasi inayoachwa igawiwe upya.

Kazi hii haihitaji programu ya kununua. Inahitaji utulivu na kufuata mpangilio, kwa sababu data hupotea zaidi pale hatua zinapofanywa kinyume cha mpangilio wake, au pale mtu anapolazimisha jambo ambalo kompyuta imelikataa kwa sababu nzuri. Ndiyo maana katika mwongozo huu nimeyapa makosa nafasi kubwa kuliko hatua zenyewe: hatua ni chache, bali ujumbe wa kosa ndio unaomfanya mtu abonyeze asichokijua.

Patisheni ni vitu viwili

Tunapotaja patisheni huwa tunazungumzia vitu viwili vilivyokaa pamoja. Cha kwanza ni mipaka, yaani namba ya sekta (kipande kidogo kabisa cha diski) inapoanzia na namba ya sekta inapoishia, ambazo zimeandikwa katika jedwali dogo mwanzoni mwa diski. Cha pili ni mfumo wa mafaili, kama NTFS kwa Windows au ext4 kwa Linux, ambao hujaza eneo lililo ndani ya mipaka hiyo na kuweka hesabu ya kila faili lilipo. Unapopunguza, mfumo wa mafaili hupunguzwa kwanza, kisha ndipo mpaka husogezwa ndani. Unapoongeza, mpaka hutangulia kusogezwa nje, kisha mfumo wa mafaili hutanuliwa kuufuata. Anayemega shamba lake ili auze kipande huhamisha kwanza banda na mazao yaliyo upande unaouzwa, halafu ndipo bikoni husogezwa. Akianza na bikoni, banda lake limekwisha kuwa la mwingine.

Programu zenye madirisha, kama ile ya Windows na GParted (programu ya kugawa diski tutakayoiwasha kutoka kwenye flashi), hufanya hatua zote mbili zenyewe kwa mpangilio sahihi. Anayetumia amri za Linux hufanya kila hatua kwa mkono wake, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika zaidi.

Kabla ya kugusa chochote

Weka nakala rudufu ya kila kitu usichoweza kukipata tena, katika diski ya nje, kisha ichomeke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili matatu au manne uone kama yanafunguka kweli. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado haijathibitishwa kuwa nakala.

Baada ya hapo kagua afya ya diski. Katika Windows, fungua PowerShell kama msimamizi na uandike:

Get-PhysicalDisk

Safu ya HealthStatus ikionyesha neno lolote tofauti na Healthy, acha kazi hapo hapo; diski inayoanza kufa haitakiwi kupunguzwa, inatakiwa kunakiliwa na kubadilishwa. Ikionyesha kuwa ni nzima, kagua mfumo wa mafaili:

chkdsk C: /f

Windows itasema kwamba C inatumika na kuuliza kama ikague kompyuta itakapowashwa upya. Jibu Y, washa upya, na uiache imalize hata ikichukua muda mrefu.

Jambo la tatu ni usimbaji fiche wa BitLocker, ambao katika kompyuta nyingi za Windows 11 huwa umewashwa bila mwenye kompyuta kujua. Andika manage-bde -status C: na usome matokeo. Ikiwa umewashwa, hakikisha unao ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtumiaji wa kwanza, nao uuandike mahali palipo nje ya kompyuta hiyo. Zana ya Windows yenyewe hupunguza patisheni yenye BitLocker bila tatizo; GParted haiwezi, na ukikusudia kuitumia itabidi kwanza uondoe usimbaji kwa manage-bde -off C: na kusubiri hadi asilimia ifike sifuri.

La mwisho ni umeme. Kompyuta mpakato iwe na betri iliyojaa na chaja ikiwa imechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika wakati data inahamishwa, hasara yake hailingani na dakika chache za kwenda kuazima UPS kwa jirani.

Kupunguza kwa zana ya Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Bofya C kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Shrink Volume". Windows itahesabu kwa sekunde kadhaa, kisha itafungua kidirisha chenye namba nne. Ya pili ndiyo muhimu: kiasi cha juu kabisa inachoweza kukitoa. Ya tatu ndiyo utakayoiandika mwenyewe, nayo ni kiasi unachotaka kupunguza, wala si ukubwa utakaobaki. Wengi hukosea hapa. Kipimo ni megabaiti, kwa hiyo anayetaka gigabaiti 80 ataandika 81920, yaani 80 mara 1024. Bonyeza "Shrink", na baada ya muda mfupi utaona kipande chenye mstari mweusi juu yake, mbele ya C, kilichoandikwa kuwa hakijagawiwa.

Zana hii hupunguza NTFS tu. Flashi au diski ya nje yenye FAT32 au exFAT haitapunguzwa. Njia yake ni kunakili vilivyomo, kuifuta na kuigawa upya. Na endapo Windows inaonyesha patisheni yako kuwa RAW, usiipunguze kabisa, kwa kuwa maana yake ni kwamba Windows haiutambui mfumo wa mafaili uliomo, na kuikata kunaweza kuikata data yenyewe.

Nafasi tupu ni nyingi lakini Windows inatoa kidogo

Hili ndilo tatizo linalowasumbua wengi kuliko yote, na linastahili kuangaliwa kwa karibu. Chukua kompyuta yenye diski ya SSD ya gigabaiti 256, ambayo Windows huionyesha C yake kuwa na takriban gigabaiti 237. Zilizotumika ni 70. Mtu anatarajia kupata zaidi ya 150, lakini kidirisha kinamwambia kwamba kiasi cha juu ni megabaiti 9216, yaani gigabaiti 9 tu.

Kompyuta haijakosea hesabu. Patisheni hupunguzwa kutoka mwishoni kuja mwanzoni, na mahali fulani karibu na mwisho pamekaa faili moja ambalo Windows haiwezi kulihamisha ikiwa inaendelea kufanya kazi. Nafasi tupu iliyo kabla ya faili hilo, hata ikiwa kubwa namna gani, haihesabiwi.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Windows hulitaja faili hilo kwa jina. Baada ya kujaribu kupunguza, fungua eventvwr.msc, nenda "Windows Logs", kisha "Application", na utafute tukio namba 259 lililoandikwa na Defrag. Ndani yake kuna mstari unaotaja faili la mwisho lisilohamishika, kwa mfano \pagefile.sys::$DATA, na chini yake namba ya klasta (fungu la sekta ambalo NTFS hulihesabu kama kipande kimoja) ya mwisho ya faili hilo, tuseme 0x3900000. Namba hiyo ya mtindo wa kumi na sita ni sawa na klasta 59,768,832, na kwa kuwa klasta ya kawaida ya NTFS ina baiti 4096, faili hilo limeishia kwenye gigabaiti ya 228. Toa 228 kwenye 237 upate 9, ileile iliyoandikwa katika kidirisha. Mtu akishaiona hesabu hii kwa macho yake huacha kubahatisha na huanza kushughulika na faili linalohusika.

Mafaili yenyewe ni machache, na kila moja lina dawa yake.

Likitajwa hiberfil.sys, hilo ni faili la kuhifadhi hali ya kompyuta inapolala. Liondoe kwa amri hii katika dirisha la amri la msimamizi:

powercfg /h off

Likitajwa pagefile.sys, ambalo Windows hulitumia kama nyongeza ya RAM, fungua SystemPropertiesAdvanced, ingia "Settings" ya sehemu ya "Performance", kisha "Advanced", kisha "Change" ya kumbukumbu pepe. Ondoa alama ya kusimamia ukubwa moja kwa moja, chagua "No paging file", bonyeza "Set", kubali, na uwashe kompyuta upya. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 itakuwa nzito katika hali hii, hivyo usifungue programu nyingine hadi umalize.

Ikitajwa njia inayoanza na \System Volume Information, hizo ni nakala za vituo vya urejeshaji. Fungua SystemPropertiesProtection, chagua C, bonyeza "Configure", zima ulinzi, kisha futa vituo vilivyopo. Elewa kwamba baada ya hapo hutaweza kurudisha Windows kwenye hali ya siku zilizopita, ndiyo maana nakala rudufu ilitangulia.

Baada ya kuondoa hayo, kusanya nafasi tupu mahali pamoja:

defrag C: /X

Amri hii ikitumika mara moja kwa kazi hii haiidhuru SSD, ingawa sipendekezi iwe mazoea. Kisha jaribu tena, na safari hii tumia diskpart, ambayo huonyesha majibu waziwazi zaidi:

diskpart
list volume
select volume C
shrink querymax
shrink desired=81920

Amri ya shrink querymax haibadilishi chochote. Inauliza tu kiasi kinachowezekana. Ikiwa kiasi bado ni kidogo, rudi kwenye tukio namba 259 lililo jipya zaidi, kwani ukishaliondoa faili la kwanza, la pili lililokuwa nyuma yake ndilo hujitokeza. Nimewahi kurudia mzunguko huu mara tatu kwenye kompyuta moja: kwanza hiberfil.sys, halafu vituo vya urejeshaji, na mwisho likabaki \$Mft, yaani orodha kuu ya mafaili yote ya NTFS. Hilo la mwisho Windows haitaweza kulihamisha kwa ajili ya kupunguza, na hapo ndipo tunapoiacha Windows na kuchukua GParted.

Makosa mengine ya upande wa Windows ni mepesi. Ukiambiwa huna ruhusa, dirisha halikufunguliwa kama la msimamizi. Ukiambiwa patisheni huenda imeharibika, rudia chkdsk na uwashe upya. Ukiambiwa kiasi ulichotaka kitaifanya patisheni iwe ndogo kuliko kiwango cha chini, umeomba zaidi ya ulichopewa na querymax. Punguza ombi lako na uache akiba ya gigabaiti 15 au zaidi kwa ajili ya masasisho ya Windows.

Kutumia GParted nje ya Windows

GParted hufanya kazi ikiwa kwenye flashi, Windows ikiwa imezimwa kabisa, na kwa sababu hiyo hakuna faili linalotumika. Pakua faili la GParted Live, liweke kwenye flashi kwa programu ya Rufus, na uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo.

Kuzima Windows kwa njia ya kawaida hakutoshi. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huacha sehemu ya mfumo ikiwa imehifadhiwa kwenye diski ili kuwaka kuwe haraka, na Linux ikikuta NTFS katika hali hiyo hukataa kuibadilisha, ikisema kwamba Windows imelala. Kukataa huko ni kwa faida yako. Rudi Windows, na kama hujazima usingizi kwa powercfg /h off, zima kompyuta kwa amri hii:

shutdown /s /f /t 0

Ndani ya GParted, chagua diski sahihi katika kisanduku cha juu kulia, ukiitambua kwa ukubwa wake, kwa maana flashi nayo huorodheshwa hapo. Bofya patisheni ya NTFS, chagua "Resize/Move", na uvute ukingo wa kulia tu. Ukingo wa kushoto usiuguse: kusogeza mwanzo wa patisheni kunailazimu programu kunakili data yote upya mahali pengine, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi na kuifanya Windows ishindwe kuwaka. Hakuna kinachofanyika mpaka ubonyeze alama ya kijani ya kukubali. Kabla ya hapo unaweza kubadili mawazo bila hasara.

Ukipata ujumbe kwamba patisheni imepangiwa ukaguzi au kwamba NTFS haina uwiano, usitumie njia ya kulazimisha. Rudi Windows, endesha chkdsk C: /f, washa upya mara mbili, ndipo urudi GParted. Ukipata ujumbe unaotaja sekta mbovu, soma tena yale niliyoyasema kuhusu diski inayokufa: nakili data leo, na diski ibadilishwe. GParted ikimaliza salama, Windows itakapowaka mara ya kwanza itaendesha ukaguzi wa diski yenyewe. Hilo ni jambo la kawaida na halitakiwi kukatizwa.

Kupunguza ext4 kwa amri

Patisheni ya ext4 haipunguzwi ikiwa imeunganishwa (mounted), yaani Linux ikiwa inaitumia. Ile iliyobeba mfumo wenyewe itapunguzwa kutoka kwenye flashi ya Linux. Ile ya data inaweza kutenganishwa papo hapo. Katika mfano huu patisheni ni /dev/sda3, inaanzia kwenye MiB (megabaiti ya hesabu ya 1024) ya 513, na tunataka ibaki na ukubwa wa GiB 100, yaani MiB 102400. Kwanza hifadhi jedwali la patisheni, kisha faili hilo ulinakili kwenye flashi:

sudo sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt

Baada ya hapo:

sudo umount /dev/sda3
sudo e2fsck -f /dev/sda3
sudo resize2fs -P /dev/sda3
sudo resize2fs /dev/sda3 90G

Amri ya umount ikikataa kwa kusema kwamba kifaa kinatumika, andika sudo fuser -vm /dev/sda3 uone ni programu gani inayokishikilia, uifunge. Ukiruka e2fsck, resize2fs itakudai uifanye kwanza. Kigezo cha -P hukadiria ukubwa wa chini kabisa kwa hesabu ya bloku, ambazo kwa kawaida zina KiB 4 kila moja. Ukiomba chini ya hapo itakataa. Na ukiambiwa kwamba namba ya utambulisho katika bloku kuu si sahihi, mara nyingi umetaja diski nzima badala ya patisheni yake, au mfumo wa mafaili si ext4. Hakikisha kwa lsblk -f.

Angalia kwamba nimeupunguza mfumo wa mafaili hadi 90 ilhali mpaka utakuwa 100. Pengo hilo ni la makusudi, ili kosa dogo la hesabu lisiukate mfumo wa mafaili. Sasa sogeza mpaka:

sudo parted /dev/sda
unit MiB
print
resizepart 3 102913
quit

Namba inayofuata resizepart si ukubwa wa patisheni, bali ni mahali inapoishia kwenye diski. Mwanzo ni 513, ukubwa tunaoutaka ni 102400, jumla yake ni 102913. Anayeandika 102400 kwa kudhani ni ukubwa atapata patisheni pungufu, na patisheni inavyozidi kuanzia mbali ndivyo upungufu unavyozidi kuwa mkubwa. Maliza kwa kuujaza mfumo wa mafaili hadi kwenye mpaka mpya:

sudo resize2fs /dev/sda3
sudo e2fsck -f /dev/sda3

Ikiwa e2fsck itasema kwamba ukubwa wa mfumo wa mafaili umezidi ukubwa wa kifaa, na kuuliza kama isitishe kazi, jibu y, maana mpaka umekatwa ndani kupita kiasi. Usitengeneze patisheni mpya kwenye nafasi iliyoachwa, usiunganishe, usiandike kitu. Rudisha mpaka wa zamani kwa parted, au kwa jedwali ulilolihifadhi:

sudo sfdisk /dev/sda < jedwali.txt

Kama hakuna kilichoandikwa juu ya eneo lililokatwa, data itakuwa palepale ilipokuwa.

Mfumo wa XFS haupunguzwi kwa njia hizi. Nakili data, itengeneze patisheni upya, uirudishe. Btrfs hupunguzwa hata ikiwa imeunganishwa, kwa mfano sudo btrfs filesystem resize -20G /data, kisha mpaka ndiyo hufuata. Na kwa wanaotumia LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski bila kufungwa na patisheni), lvreduce iandikwe daima pamoja na --resizefs, kwa kuwa bila kigezo hicho matoleo ya zamani hukata eneo bila kuupunguza mfumo wa mafaili kwanza.

Kuitumia nafasi iliyopatikana

Kwa anayetaka D ndani ya Windows, bofya nafasi isiyogawiwa kwa kitufe cha kulia, chagua "New Simple Volume", na ufuate maelekezo hadi mwisho ukichagua NTFS. Kwa anayeweka Linux, iache nafasi hiyo kama ilivyo, kwani programu ya kuweka Linux itaitumia yenyewe.

Kwenye kompyuta za zamani zenye jedwali la aina ya MBR, Windows inaweza kukataa kutengeneza patisheni mpya kwa sababu diski ina nne tayari, au ikapendekeza kuigeuza diski kuwa ya aina ya "Dynamic". Usikubali kuigeuza, kwa sababu mifumo mingi mingine haitaweza kuwekwa kwenye diski hiyo, na kuirudisha ilivyokuwa kwa zana ya Windows kunahitaji kufuta patisheni zote.

Mwisho, rudisha ulivyovizima: powercfg /h on, kumbukumbu pepe isimamiwe na Windows tena, ulinzi wa mfumo uwashwe, na BitLocker kama uliiondoa. Nakala rudufu iache kwenye diski ya nje hadi umeitumia kompyuta kwa wiki nzima, ukaiwasha na kuizima mara kadhaa, na chkdsk C: isiyo na /f ikakujibu kwamba haikukuta tatizo.